Wazazi Mia na Kumi na Nane Walitia Nyekundu

Wiki jana niliwaacha nikiwa chooni. Msinicheke sana. Mtu mzima, baba wa watoto saba, karani wa reli mwenye miaka kumi na minne kazini, nimejifungia chooni saa sita mchana kwa sababu gari la Usalama, polisi wa siri, limesimama kwenye njia yetu.

Kwa msomaji anayeanza leo, nirudie kwa ufupi. Jina langu ni Kabasele. Wazazi wangu ni watu wa Kasai, lakini reli ndiyo iliyonileta Kindu, na Kindu ndiko nilikootea mvi. Mambo haya ni ya mwaka wa sabini na tano, wakati wa Zaire, wakati wa Chama kimoja, tulipokuwa tunaitana sitwayeni, yaani raia, na majina ya ubatizo yamekatazwa, ingawa midomoni yalibaki.

Lise, shule ya sekondari ya wasichana, ilikuwa ya masista. Dola likaichukua, saa ya dini ikafutwa, na katika saa hiyohiyo ikawekwa kosi mpya, somo la afya. Mwalimu wake alikuwa mama Odile, muuguzi. Alichora mwili wa mwanamke ubaoni, nje na ndani, akaeleza damu ya mwezi, mimba, na yale magonjwa ambayo sisi wazazi tukitaka kuyataja tunakohoa kwanza.

Tuliitwa kutoa maoni. Tulipiga makofi wote, kwa sababu kosi ilitoka Kinshasa, na kitu kilichotoka Kinshasa kilipigiwa makofi. Halafu kila siku ya kosi, Jumatatu na Alhamisi, wasichana sitini walikuwa wagonjwa au wako matangani. Prefe Matata, mkuu wa lise, akaniita mimi, mwenyekiti wa komite ya wazazi. Akaniambia, nitafutie maoni ya kweli.

Hapo ndipo kimbelembele changu kiliponiponza. Nikasema, tupige kura kama ile kubwa ya mwaka wa sabini, kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana, kila mtu anaijua. Karatasi nikazitoa kazini kwangu: etiketi za reli, zile zinazofungwa kwenye mabehewa, kijani kwa behewa zima na nyekundu kwa bovu. Tofauti ilikuwa moja. Mwaka wa sabini tulipiga kura askari akituangalia mkononi. Mimi niliwatundikia wazazi shuka la mke wangu, kila mmoja akaingia nyuma yake peke yake.

Waliingia mia na arobaini na tisa. Tulipofungua sanduku tukakuta kijani thelathini na moja. Nyekundu mia na kumi na nane.

Jumatatu asubuhi Usalama wakachukua sanduku. Mkubwa wao, sitwayeni Banza, aliniuliza swali moja tu: nani alileta hizi karatasi? Nikamjibu kwa Kiswahili chetu cha Kindu, ambamo njo ni ndiyo, "Ile mambo ya afya yote njo ya mama Odile." Sikujitaja. Saa tisa walimchukua mama Odile mbele ya darasa lake. Jumanne gari lao likarudi kwenye njia yetu, nami nikakimbilia chooni.

Sasa endeleeni nami.

"Baba Ndaya," mke wangu Kanku aliita, akigonga bati la mlango. "Toka."

"Wameenda?"

"Wameenda. Gari iliisha maji. Walikuwa wanaomba ndoo moja."

"Ukawapa?"

"Ungetaka niwakatalie?"

Nikatoka. Kanku aliniangalia toka kichwani mpaka miguuni, wala hakucheka. Ningependa angecheka.

Ndaya, binti yetu wa kwanza, alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Alikuwa mwaka wa nne pale lise. Macho yalikuwa yamevimba.

"Papa, batoto banasema mama Odile watamutia mu ndege ya Alhamisi. Watamupeleka Bukavu."

"Nani anasema?"

"Bote banasema."

Waliopelekwa Bukavu kwa ndege kwa mambo ya Usalama, nilikuwa najua wawili. Mmoja alirudi baada ya miaka miwili, na ukimsalimu anaficha uso kwa mikono. Wa pili hatukumwona tena. Hao wawili walikuwa kichwani mwangu tangu Jumatatu, na sasa ilikuwa Jumanne, siku mbili kabla ya ndege.

"Papa," Ndaya akasema, "weye ulitia rangi gani?"

"Sanduku ni siri."

"Hata kwangu?"

"Hata kwako. Enda ukamsaidie mdogo wako."

Hakwenda. Alisimama palepale, ananitazama, mpaka mimi ndiye nikaondoka.

Ninyi nitawaambia, maana nimeanza kuungama na siwezi kuishia njiani. Nilitia nyekundu. Wiki mbili kabla ya kura nilifungua kaye ya Ndaya, daftari lake la shule, nione mwandiko, kama nilivyozoea. Nikakuta ule mchoro. Kila kiungo kimeandikwa jina lake kwa herufi nzuri zilizosimama sawasawa, herufi alizozirithi kwangu, na maneno yenyewe sijawahi kuyatamka hata mbele ya mama yake. Niliona haya, halafu nikakasirika kwa sababu nimeona haya. Siku ya kura nilikuwa bado na hasira ile.

Kanku alinifuata ndani.

"Ninataka nikuambie kitu, baba Ndaya. Miye mara ya kwanza kuona damu nilijua ninakufa. Nikajificha mu shamba ya mihogo siku mbili, nangoja kufa. Mama yangu alinikuta, akanipiga. Hakunieleza kitu mpaka siku ya ndoa, na siku ya ndoa hakueleza vizuri. Ile mambo yote mama Odile ameeleza mutoto wako kwa saa moja. Na weye umemupa Banza."

"Sikumpa."

"Umemupa."

"Nifanye nini sasa?"

"Enda useme etiketi ni zako."

"Watanifunga. Nina watoto saba, mama Ndaya."

"Na yeye hana hata mumoja. Njo maana ulimuchagua?"

Jumatano asubuhi nikavaa abakosti yangu ya sherehe, lile koti la Chama lisilo na tai. Kwapani nikaweka kaye ya komite. Nilikuwa nimepanga mambo yote kichwani, jinsi mwoga anavyopanga. Nitamwonyesha Banza ushahidi kwamba etiketi zile ni za reli na mimi ndiye niliyezitoa. Mama Odile ataachiwa. Mimi nitaadhibiwa kwa kuchezea mali ya reli, na adhabu ya reli naijua: mwezi mmoja bila kazi, halafu unarudi mezani kwako.

Njiani watu walinikimbia. Kabla ya kura walikuwa wananiita Prezida, Prezida wa wazazi, nami moyoni nilipenda sana. Tangu Jumatatu hakuna aliyelitia jina hilo mdomoni. Katika nchi ile prezida alikuwa mmoja.

Kule mtaa wa Kasuku, nikipita mbele ya duka la vitenge la Hamisi, mkono ukanivuta ndani.

"Unaenda wapi umevaa vile?"

"Kwa Banza."

Hamisi akaegemea marobota ya vitenge. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, wa familia ya zamani ya Waislamu wa pale Kindu, na sijawahi kumwona bila kicheko. Siku hiyo alikuwa anatokwa jasho asubuhi ya baridi.

"Nisikie, ndugu Kabasele. Ile sanduku. Hakuna muntu anaweza kujua nani alitia nini, sivyo?"

"Hakuna."

"Unaapa?"

"Shuka lilikuwa zito, Hamisi. Hata mimi niliyekaa mlangoni sikuona kitu."

Akashusha pumzi. Halafu akaanza kujieleza bila kuulizwa.

"Miye sina ubaya na mama Odile. Amezalisha mke wangu mara mbili. Lakini mutoto wangu alirudi nyumbani akamukosoa somo wake. Bibi wa miaka makumi saba, yeye njo anafunda wasichana wetu wote, alimufunda hata mama yake. Tuko na wageni sebuleni. Mutoto anasema, hapana bibi, si vile, mama Odile amesema hivi. Bibi akavaa viatu vyake akaenda. Hajarudi kwangu mpaka leo."

"Nimeelewa."

"Njo ile tu. Ningemuambia mama Odile mwenyewe, lakini ginsi gani mwanaume atamuambia mwanamke maneno ile? Nikatia nyekundu. Usiseme jina langu kule."

"Sitasema jina la mtu."

Akanibana mkono kwa mikono yake yote miwili. Nikatoka mle nikijiona mwanaume kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kumbe nilikuwa naenda kujipalia makaa kwa miguu yangu mwenyewe, na wengine wote pamoja nami.

Kwenye uwanja wa biro, ofisi ya Usalama, mama Odile alikuwa ameketi kwenye benchi, mlinzi pembeni yake. Alikuwa bado na vazi la kazi, chaki imemkauka kwenye mkono wa nguo. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu. Aliniona, akaiona na kaye kwapani mwangu, na uso wake ukabadilika kabisa. Akatikisa kichwa. Mara moja, halafu tena, kwa nguvu. Nilidhani ananionea huruma, anataka nijiokoe nirudi kwa watoto wangu. Nikampungia mkono kumwambia asihofu, nikaingia.

Banza hakuwa mtu wa kupaza sauti. Mtu wa Katanga, mfupi, msafi, anazungumza kama daktari na mgonjwa. Mbele yake palikuwa na sanduku letu na sahani ya karanga. Pembeni, mama mmoja alikuwa nyuma ya mashine ya kuandika.

"Sitwayeni Kabasele. Keti. Kula karanga."

"Asante, nimekula."

"Kula."

Nikachukua moja. Nikaimeza nzima.

"Sema."

"Etiketi ni zangu, sitwayeni. Mama Odile hana kosa. Wazo nilitoa mimi, na karatasi nilizileta mimi."

"Jumatatu ulisema kingine."

"Niliogopa."

"Na leo hauogope?"

"Leo ninaogopa zaidi."

Akatabasamu kidogo. Akafungua karatasi zake.

"Yeye anasema alizinunua, akazikata, akazipaka rangi, yeye peke yake. Tumemuuliza mara sita. Mara sita anasema vilevile. Juu ya nini anasema vile, kama ni zako?"

"Labda anafikiria watoto wangu."

"Labda." Akala karanga. "Unafikiri miye niko na shida na kosi ya afya?"

"Ndiyo, sitwayeni."

"Hapana. Wazazi hawapendi kosi, hiyo ni maneno ya nyumbani. Kosi itaendelea, watazoea. Shida yangu ni ile shuka. Bantu mia moja na kumi na nane wameingia nyuma ya shuka, wametia nyekundu, wametoka, wameenda kula. Hakuna kitu kimewapata. Siku tutawaita kwa kura yetu, wataanza kuuliza, shuka iko wapi?"

Wallahi sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Mimi shuka lile nililitundika kwa ajili ya akina mama, wasione haya kutia karatasi mbele ya waume za watu. Sasa nililiona lile shuka kama Banza alivyoliona.

"Basi mimi ndiye wa kuadhibiwa," nikasema. "Mumwachie yeye."

"Kila muntu anaweza kuja hapa akasema ni miye. Onyesha."

Nikawahi. Nilikuwa nimeingojea nafasi hiyo kwa hamu, jamani, kama mwanafunzi aliyesoma usiku.

"Geuza moja, sitwayeni. Chini kabisa, kwenye pembe. Kuna namba ndogo. Mama Odile hawezi kupiga namba ile kwa mkono. Kila etiketi ya reli inatoka kiwandani na namba yake. Na hii hapa ni kaye yangu, ona, nimeandika vitabu vya etiketi vilivyotoka gare ya reli, na hii ni saini yangu."

Nikaifungua mezani, nikamsogezea.

Banza akatoa etiketi moja nyekundu, akaenda nayo dirishani. Akaigeuza kwenye mwanga. Akarudi, akatoa ya pili. Akatoa ya tatu. Nikaanza kufurahi, nikidhani ameridhika.

"Kila moja iko na namba yake," akasema.

"Kila moja."

"Hakuna mbili zenye namba moja?"

"Hakuna. Reli haikubali."

"Na weye ni karani. Muntu wa kuandika kila kitu." Akainua macho. "Uliandika nani alipewa namba gani?"

Wasomaji wangu, hapo ndipo nilipoelewa nimemletea nini.

Shefu wetu wa gare, mkuu wa stesheni, hakuruhusu hata etiketi moja itoke bila kuandikwa imeenda kwa nani. Miaka kumi na minne mkono wangu umezoea hivyo. Siku ya kura niliketi mlangoni na vitabu viwili, nikamchania kila mzazi kijani moja na nyekundu moja, na mbele ya jina lake nikaandika namba zote mbili, kwa mwandiko mzuri, na mstari chini. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Wala sikukumbuka kwamba nimefanya. Mkono uliandika tu.

Na aliyeketi pembeni yangu, akiniitia majina kutoka daftari ya lise, alikuwa mama Odile. Aliziona namba zikiandikwa.

Alijua. Tangu Jumatatu alikuwa anajua. Alisema mara sita kwamba karatasi ni zake ili pasiwe na mtu wa kumtafuta karani wala kaye ya karani. Alikuwa anawafunika watu mia na kumi na nane, walewale waliomkataa. Na mimi mmoja wao. Kichwa alichonitikisia pale uwanjani kilikuwa kinaniambia nirudi nyumbani na ile kaye nikaichome.

"Sikumbuki," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto.

Banza alilamba kidole akageuza ukurasa mmoja wa kaye iliyokuwa mbele yake, niliyomsogezea mwenyewe. Majina yalikuwa pale, mia na arobaini na tisa.

"Una mwandiko muzuri," akaniambia. Akanirudishia kaye mikononi. "Tutafanya hivi. Miye nitaita namba. Weye utasoma jina. Mama atapiga mashine. Tukimaliza zote nyekundu, mama Odile anaenda kwake na miguu yake."

"Na wale watu?"

"Watakuja hapa mumoja mumoja. Tutazungumza."

"Na nikikataa?"

"Ndege ni kesho saa nne. Kuko nafasi mbili."

Nilitazama dirishani. Pale uwanjani mlinzi alikuwa anakunywa maji kwenye kopo, mama Odile akimwangalia anavyokunywa. Nikajiambia, huyu mmoja yuko mbele ya macho yangu, wale wengine wako makwao, labda watazungumza naye kweli, labda ni maneno tu. Nilijiambia mengi.

Nikasoma. Sitaki kuwaficha hilo. Nilimwahidi Hamisi asubuhi, na kabla ya saa sita nikasoma.

"Kumi na mbili," Banza akaita.

"Hamisi. Mfanyabiashara, Kasuku."

Mashine ikalia. Mkono wangu ulikuwa bado unasikia ule ubanaji wake.

"Makumi tano na munane."

"Kalume. Mchimba dhahabu, Kama." Huyu alipanda lori siku mbili kutoka Kama, kijiji cha machimbo, ili aje kupiga kura. Aliniambia mlangoni, ndugu, mutoto akirudi Kama na akili ile yote, nani kule atamuoa? Hakuwa na neno lingine juu ya kosi.

"Makumi kenda."

"Okito. Katekista wa zamani." Okito hakuwa hata na habari ya michoro. Yeye alitaka saa ya dini irudi, na alimwambia kila mtu aliyekubali kusimama kumsikiliza.

"Moja."

Nikatafuta juu kabisa ya ukurasa. Nikalisoma jina kwa macho tu.

"Moja," Banza akarudia.

"Matata. Prefe."

Banza akaweka karanga chini. Halafu akacheka, kicheko cha kweli, mpaka akafuta macho. Prefe Matata alikuwa ameandika kwa inspekta kwamba kosi ile ni zawadi kwa wazazi wa Maniema. Alikuwa na binti yake darasa la Ndaya.

"Andika," akamwambia mama wa mashine. "Andika vizuri."

Tukaendelea. Alikuwa anachota sandukuni bila kuangalia, na kila mkono wake ukiingia nilikuwa nangoja itoke mia na arobaini na tisa, namba yangu. Jasho lilikuwa limelowesha abakosti mgongoni. Wajane, walimu, wenzangu wa reli, mama anayeuza samaki pale ng'ambo ya mto. Kila jina nilikuwa na uso wake, na karibu kila mmoja na neno aliloniambia. Mmoja alisema wasichana watajua na wavulana watabaki wajinga. Mmoja alisema mchoro ule hauna kichwa, na mtu asiye na kichwa ni maiti. Mmoja alisema hana neno na kosi, ila hakupenda jinsi tulivyolazimishwa kupiga makofi. Huyo jina lake nililisoma kwa sauti ya chini, lakini mashine ililipiga sawa na mengine.

Majina kumi na tisa. Niliyahesabu, na bado ninayajua yote kwa mpangilio wake.

"Makumi saba na saba," Banza akaita.

Nikashusha kidole kwenye ukurasa. Sabini na tano. Sabini na sita. Kidole kikasimama.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Binti yake alikuwa mwaka wa pili. Siku ya kura baba hakuja, alikuja mama, mke wake mama Albertine, mtu mpole asiyezungumza na watu. Alichelewa. Alikaa nyuma ya shuka muda mrefu kuliko mzazi mwingine yeyote, mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kuguna. Alipotoka alifuta uso kwa ncha ya kitenge. Mimi nikamwambia asante mama, nikamwita mwingine.

Wazazi wote niliwaandika kwa jina la baba.

"Makumi saba na saba," Banza akarudia, ile karatasi nyekundu kati ya vidole vyake viwili.

Ningeweza kusoma mstari wa chini yake. Chini yake palikuwa na mjane mmoja, wa kijani bila shaka, aliyemzika binti yake aliyekufa kwa dawa za kutoa mimba, na ambaye alimtetea mama Odile hadharani. Ningeweza kusema jina langu mwenyewe. Nilifungua mdomo nikiwa sijui lipi litatoka.

Yule mama wa mashine alikuwa amejiinamia kuangalia kaye, kuona kinachonichelewesha. Aliusoma mstari kabla sijautamka. Akaondoa mikono yake juu ya mashine, akaiweka mapajani.

"Sitwayeni Kabasele. Nimekuuliza jina."

Msidhani nilifanya ujanja. Msidhani ni ujasiri. Mimi ni karani, nilisoma kilichoandikwa.

"Njo weye, sitwayeni," nikasema. "Banza."

Hakusogea. Aliitazama ile etiketi, akaigeuza, akaisoma tena ile namba. Nje mlinzi alikuwa anamwambia mama Odile kitu. Kisha Banza akanyoosha mkono, akaivuta ile karatasi yenye majina kumi na tisa kutoka kwenye mashine, polepole, isichanike.

"Mama, toka," akamwambia yule mwanamke, bila kumwangalia. "Funga mulango. Mulinzi asiingie mpaka nimuite."

Mama akatoka. Nikasikia mlango unafungwa nyuma yangu, na Banza akainuka kitini.